Shemeji anataka kuiachia benki nyumba ya Nzuguni, na uwezo wa kulipa anao. Tumwambieje?

Mwana wa Kizota (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Hili ni la kifamilia lakini limenikaa kooni, na najua humu wamo watu wa benki, wanasheria na waliowahi kupigwa mnada. Benki sitaji, mtu sitaji, msinifuate inboksi kuuliza "ni yule wa pale sheli?"

Shemeji yangu, mume wa dada, ni mtu wa tipa. Serikali ilipotangaza 2016 kwamba safari hii inahamia Dodoma kweli, na hasa Mji wa Serikali pale Mtumba ulipoanza kujengwa, mchanga na kokoto vilimpa hela mpaka tukawa tunamwita Mkandarasi. Katika kupanda huko akachukua mkopo wa nyumba: milioni 80, miaka 15, riba asilimia 17. Akaongeza milioni 15 zake, akanunua nyumba ya vyumba vitatu Nzuguni. Si ya kukaa. Yeye na dada wanakaa Kizota kwenye nyumba waliyojenga kidogo kidogo, haidaiwi hata mfuko wa saruji. Ya Nzuguni ilikuwa ya kupangisha watumishi wanaohamia.

Rejesho ni 1,231,000 na vichenji kwa mwezi. Miaka mitano kalipa bila kuruka, jumla karibu milioni 74. Juzi kaenda kuomba taarifa ya mkopo wakamchapia karatasi, nami nimeishika kwa mkono wangu. Ina safu ya riba na safu ya msingi, yaani deni lenyewe. Rejesho la kwanza kabisa: riba imekula 1,133,333, msingi umepata elfu 97 na ushee. Unashuka mstari kwa mstari, riba inapungua kwa kujivuta, mpaka chini kabisa: deni lililobaki, milioni 70 na laki 8. Kalipa 74, kapunguza 9.

Upande wa pili, alitegemea kodi ya laki 6. Sasa hivi anapata laki 3 na nusu, na kuna miezi nyumba inakaa tupu, maana watumishi aliowategemea wengi wamejenga zao. Kaleta mthamini wake: bei ya soko milioni 62, ikiuzwa kwa haraka 50.

Kwa hiyo kaamua kuacha kulipa. Si kwamba hana. Tipa mbili zinafanya kazi, duka la vifaa vya ujenzi lipo. Anasema benki ndiyo iliyochagua mthamini kwenye orodha yake, benki ndiyo iliyosema nyumba ina thamani ya milioni 95, basi iichukue wamalizane.

Ingekuwa imeishia hapo nisingefungua uzi. Kuna rafiki yake kamshauri kwamba notisi ya mnada ikitoka, dada aende mahakamani aape kwamba hakuridhia nyumba kuwekwa rehani. Zuio likitoka kesi inavutwa miaka, na kodi anaendelea kukusanya. Dada alisaini ridhaa mbele ya wakili. Mimi nilikuwepo, nilimshikia mtoto nje wakati anasaini.

Msimamo wangu nauweka wazi: kumwachia benki dhamana yake sioni dhambi. Kiapo ndicho kinachonitoa usingizini. Nyie mnaonaje?

---

Siti ya Mbele

Nimetandika mkeka, kahawa na kashata pembeni. Modi msiuunganishe na uzi wa kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kali, haya ni mambo mawili tofauti.

---

Chuma Ulete

Mleta mada, unazunguka sana. Dawa ya deni kulipa. Shemeji ana tipa mbili na duka, anashindwaje?

Nikuulize kitu kimoja. Nyumba ingepanda hadi milioni 150, angeenda benki kuwaambia "jamani, mthamini wenu alikosea, njooni tugawane faida"? Angeuza akanyamaza. Sasa imeshuka, hasara anataka wale wao. Kukopa harusi, kulipa matanga, hiyo kaijua leo?

---

Mgogo wa Phoenix

Wakuu, mimi ni wa Kongwa ila nipo Arizona, Marekani, tangu kabla ya ule mporomoko wa bei za nyumba. Huku hili jambo lilikuwa mjadala wa taifa, ngoja niwape kidogo.

Bei za nyumba Marekani zilifika kileleni mwaka 2006. Hapa Phoenix hadi 2011 zilikuwa zimeshuka kwa zaidi ya nusu. Mtu unadaiwa dola laki 3, nyumba haifiki laki na nusu. Watu wenye kazi zao na mshahara wao wakaanza kufungasha, wanatia funguo kwenye bahasha wanaitumia benki kwa posta. Si hadithi, mtaani kwangu nimeziona nyumba zilizoachwa nyasi zikafika magotini.

Lakini sikieni sheria ilivyo. Arizona, nyumba ya makazi ya familia moja au mbili, kwenye kiwanja kisichozidi ekari 2.5, benki ikishaiuza kwa utaratibu wa kawaida haina haki ya kukufuata kwa kilichopungua. California nao wana kinga kama hiyo kwa mkopo wa kununulia nyumba unayokaa. Deni linafia kwenye nyumba. Adhabu yako ni kuchafuka kwenye taarifa za mikopo miaka saba.

Wakubwa walikasirika. Henry Paulson, Waziri wa Fedha, Machi 2008 alisema hadharani kwamba mwenye uwezo wa kulipa anayeondoka kwa sababu tu bei imeshuka ni mlanguzi asiyetimiza wajibu wake. Juni 2010 Fannie Mae, kampuni kubwa inayonunua mikopo ya nyumba kutoka kwa wakopeshaji, wakatangaza kwamba mtu wa namna hiyo hatapata mkopo kupitia kwao kwa miaka saba.

Upande mwingine akatokea profesa wa sheria wa Chuo Kikuu cha Arizona, Brent White, 2009, akasema jambo lililowaudhi wengi: kinachowafanya watu wa kawaida waendelee kulipa nyumba zilizozama, yaani deni limezidi bei, ni aibu na woga, wakati wakubwa wenyewe hawana habari na aibu hiyo. Na wakubwa wakamthibitishia haraka. Januari 2010 kampuni kubwa za uwekezaji, Tishman Speyer na BlackRock, waliwaachia wadai majengo ya Stuyvesant Town pale New York, waliyoyanunua 2006 kwa dola bilioni 5.4. Nani aliwaita wezi? Gazeti likaandika "uamuzi wa kibiashara", siku ikapita.

Na kali kuliko zote: chama cha wakopeshaji wa nyumba chenyewe, Mortgage Bankers Association. Kiongozi wao alikuwa anawauliza wanaoondoka watawafundisha nini watoto wao. Februari 2010 chama chake kikauza makao makuu yake Washington kwa dola milioni 41.3, jengo walilolinunua kwa milioni 79. Wakaenda kupanga.

Kwa hiyo Chuma Ulete, kabla hujamrushia mtu wa tipa jiwe, waangalie hao kwanza.

---

Chuma Ulete

@Mgogo wa Phoenix, hao wa New York walikopa kwa jina la kampuni na aliyewakopesha alijua anakopesha kampuni. Shemeji kasaini jina lake alilopewa na baba yake, kaweka na dole gumba. Halafu tangu lini tunajifunza adabu kwa BlackRock?

---

Meza ya Mikopo

Nimekaa kwenye dawati la mikopo ya nyumba miaka kadhaa kabla ya kuacha, niruhusuni nirekebishe hesabu kwanza, maadili baadaye.

Najua shemeji anavyopiga: miaka 10 iliyobaki mara 1,231,000 ni kama milioni 148, kwa nyumba ya milioni 62. Ukiitazama hivyo hata mimi ningekimbia. Lakini hiyo 148 ina riba ya miaka kumi ambayo haijazaliwa bado. Akiuza leo akafunga mkopo, anadaiwa 70.8. Akiuza kwa bei ya soko, pengo lake halisi ni kama milioni 9. Ikiuzwa kwa mnada kwa 50, pengo ni 21, ongeza riba ya ucheleweshaji, dalali, matangazo. Kwa hiyo chaguo alilonalo si kati ya 148 na sifuri. Ni kati ya 9 akiuza mwenyewe na ishirini na kitu akingoja nyundo.

Pili, Mgogo wa Phoenix amesema vizuri lakini asituletee sheria ya Arizona Nzuguni. Hapa mkataba wa mkopo unamdai mtu, nyumba ni dhamana tu. Hela ya mnada isipomaliza deni, kilichobaki kinakufuata. Benki inakufungulia kesi ya madai, ikishinda inaomba kukamata mali. Mtu mwenye tipa mbili barabarani zenye kadi za jina lake ni mtu rahisi kumkamatia kuliko wote. Mtumishi wa umma anayekatwa kwenye mshahara wala hafiki huko, hela haipiti mkononi kwake. Na jina linaingia kwenye kanzidata ya wakopaji ambayo benki zote zinaichungulia.

Tatu, mlango ambao watu hawaugongi. Mteja akija KABLA hajaruka rejesho, akasema "hii nyumba imenishinda, naomba ridhaa niiuze mwenyewe na pengo tulipangie muda", mara nyingi anasikilizwa. Akija baada ya kuzima simu miezi minne, faili lipo kwa watu wengine kabisa, kwenye kapu la mikopo chechefu, yaani isiyolipwa, na hao hawamjui wala hawamwonei haya.

---

Zabibu Chungu

Meza ya Mikopo, mbona umelirukia la mthamini? Nyumba ya 95 leo ni 62, na aliyesema 95 alitoka kwenye orodha yenu. Mteja ndiye aliyemlipa, ninyi ndio mliomchagua. Kwenye hasara mnatoweka?

---

Meza ya Mikopo

@Zabibu Chungu, sijalirukia makusudi. Ni hoja ya kweli. Kipindi kile kila mtu alikuwa anathamini Dodoma ya kesho. Mthamini analinganisha na nyumba iliyouzwa jirani, na ya jirani imeuzwa kwa mtu anayeamini vilevile. Afisa ana malengo ya mwezi. Mnunuzi naye hataki kuambiwa bei ni kubwa, anataka mkopo upite. Kila mmoja pale mezani alikuwa anashangilia. Benki ina sehemu yake ya lawama, ndiyo. Ila lawama hiyo inakupa haki ya kudai upunguziwe riba ya adhabu, uongezewe muda, usikilizwe. Haikupi haki ya kumpeleka mkeo akaape uongo.

---

Mwana wa Kizota

Mkuu Meza ya Mikopo, hiyo hesabu ya 9 kwa 21 nimeinakili, kesho namwonyesha.

Chuma Ulete, nikujibu na wewe. Swali lako la milioni 150 ni zuri na limenikaba kidogo. Lakini benki haikuwa mbia wake, ilikuwa inauza hela. Asilimia 17 si bei ya hela tu, ndani yake kuna bei ya hatari kwamba watu wa aina ya shemeji watashindwa. Kalipia hiyo hatari miaka mitano. Na mkataba wenyewe una ukurasa mzima unaosema asipolipa itakuwaje. Anayesema "basi, chukueni mlichoandika mtachukua" sioni namuitaje mwizi.

Ninachokubaliana nawe ni kuhusu jina. Mgogo wa Phoenix anaona aibu kama kamba waliyofungwa wanyonge. Hapa kwetu aibu ndiyo mtaji. Shemeji duka lake linaendeshwa kwa mali kauli. Nondo zinashushwa Jumatatu, analipa akishauza, hakuna karatasi, hakuna mthamini, kuna simu tu: "Mkandarasi, nimekushushia." Yule anayemshushia akisikia kwamba kaacha kulipa benki wakati hela anayo, unadhani Jumatatu inayofuata gari litapaki pale?

---

Mgogo wa Phoenix

Hapo umenigusa, sina ubishi. Huku jirani hakujui, benki iko jimbo lingine, mkopo wako umeshauzwa kwa watu usiowajua hata majina. Aibu ya kumwonea nani? Ila na wewe ukubali, mwenye kukupa nondo kwa mali kauli hakuchaji asilimia 17. Anayekuamini bure na anayekuuzia imani yake kwa bei, deni lao haliwezi kuwa na uzito mmoja.

---

Ustadhi wa Chamwino

Mdaiwa mwenye dhiki apewe muhula, hilo tumeamrishwa. Lakini huyu hana dhiki, ana tipa. Mwenye uwezo kuchelewesha haki ya mtu ni dhulma. Riba yenyewe ni mjadala mwingine, sitauleta hapa maana uzi utafika kurasa arobaini.

---

Siti ya Mbele

Ustadhi kaona mbali. Tuendelee.

---

Mpangaji wa Kudumu

Mnaongea benki na shemeji, benki na shemeji. Niulizeni mimi mpangaji.

Nimewahi kukaa kwenye nyumba ya namna hiyo, sitasema mtaa. Mwenye nyumba kaja na tabasamu, kachukua kodi ya miezi sita, kaacha na risiti. Haikupita hata wiki mbili natoka asubuhi nakuta karatasi imebandikwa getini kwa gundi ya unga, MNADA kwa wino mwekundu, tarehe imeandikwa kwa mkono juu ya ile iliyochapwa. Watoto wa jirani wanaisoma kwa sauti, herufi moja moja. Nampigia baba mwenye nyumba, ananiambia usijali, kuna kesi. Kumbe alikuwa na notisi ya benki mkononi siku ile anapokea kodi yangu.

Mleta mada, shemeji anataka kuacha kulipa huku anakusanya kodi. Hao waliomo ndani amewaambia? Hela yao ndiyo anayotaka kuendeshea kesi? Kumwachia benki nyumba naweza kuelewa. Kumwachia huku unanichuna mimi, hapana.

---

Wakili Asiye na Joho

Nitagusa sheria kwa kifupi kwa sababu nimeona watu wanapeana dawa za mitaani. Huu si ushauri wa kisheria, mtafute wakili wako.

Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, ilibadilishwa upande wa rehani na Sheria ya Mikopo ya Nyumba ya 2008. Ukichelewa kulipa, benki inakupa notisi ya siku 60. Zikipita bila kurekebisha, deni lote linaiva kwa mpigo na benki inaweza kuuza, kumweka mpokeaji wa mapato au kuingia kwenye nyumba. Kwa hiyo ile ndoto ya kukusanya kodi miaka mitatu inaweza kukatwa mapema, kodi ikaelekezwa benki. Mnada wa hadhara wa ardhi unatakiwa kutangazwa angalau siku 14 kabla.

Mkopaji naye ana kinga, na hii watu wengi hawaijui. Muuzaji ana wajibu wa kutafuta bei bora inayopatikana. Nyumba ikiuzwa kwa asilimia 25 au zaidi chini ya bei ya wastani ya nyumba za aina hiyo sokoni, sheria inachukulia kwamba wajibu huo umevunjwa mpaka benki ithibitishe vinginevyo. Kwa bei ya soko ya milioni 62, mstari uko kwenye 46 na nusu. Wakiuza kwa 40, shemeji ana kesi ya maana, tena ya kweli, bila kumgusa mke wake.

Sasa la kiapo. Ridhaa ya mwenza inahitajika kwa nyumba ya ndoa, yaani wanayoishi pamoja kwa kawaida. Kwa maelezo ya mleta mada hawajawahi kulala Nzuguni hata usiku mmoja. Kwa hiyo hoja imekufa mara mbili: nyumba si ya ndoa, na ridhaa ilitolewa mbele ya wakili ambaye ataitwa kutoa ushahidi. Atakayebaki kizimbani ni dada. Kuapa uongo mahakamani ni jinai, na jina litakalosomwa ni la aliyeapa, si la rafiki aliyeshauri kwenye kijiwe.

---

Hamsini kwa Mnada

Na sisi tulionunua mnadani tusemwe basi. Watu wanatuona kama fisi. Nimenunua kiwanja chenye banda Miyuji, nimelipa yote ndani ya muda, hati ya mauzo ninayo. Akatokea mke na kiapo kwamba hakujua. Hela yangu benki wanayo, nyumba anakaa mdaiwa, mimi nalipa kodi ya pango kwingine na nauli ya mahakamani. Sheria inamlinda mnunuzi wa nia njema, ni kweli, lakini ulinzi wenyewe unaufuata mahakamani kwa miguu, tarehe baada ya tarehe. Mwisho yule mama akabanwa na maswali akakubali saini ni yake. Alilia pale. Mume hakuwepo siku hiyo.

---

Zabibu Chungu

"Mume hakuwepo siku hiyo." Huwa hawapo.

---

Mzee wa Sia Di Ei

Vijana, nyumba kuwa dhamana Dodoma ni jambo la juzi. Sisi tulikuwa na CDA, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, tangu 1973, hati ni za miaka 33. Benki gani ingekupa mkopo wa miaka 15 kwa hati iliyobakiza miaka 12? Tulijenga kwa mshahara na kwa mbuzi. Mamlaka ikavunjwa 2017, ardhi ikarudi halmashauri, hati zikawa za miaka 99, mwaka uliofuata tukawa Jiji. Hapo ndipo mabenki yakaanza kutuita "mteja wetu". Simtetei mtu wa tipa, nasema tu kwamba hatuna uzoefu wa hii michezo. Baba zetu hawakutuachia neno lolote kuhusu rehani, walituachia neno kuhusu ng'ombe.

---

Chuma Ulete

Mzee shikamoo. Hapo kwenye ng'ombe ungeeleza. Ng'ombe wa kukopeshwa akifa, aliyepewa amtunze alikuwa anafanyaje?

---

Mzee wa Sia Di Ei

Marahaba. Anapeleka ngozi kwa mwenyewe, aione. Asipoipeleka ndiyo kesi. Akiipeleka wanakaa wanaongea.

---

Mwana wa Kizota

Wakuu, nimerudi na mrejesho.

Jana tumekaa, mimi, dada, shemeji na baba mdogo. Nilimsomea hesabu ya Meza ya Mikopo na maelezo ya Wakili. La mnunuzi wa Miyuji sikumsomea yeye, nilimsomea dada jikoni kabla. Dada aliporudi sebuleni alisema sentensi moja tu, "Mimi siapi," akaendelea kumenya viazi. Shemeji alianza kunigeukia mimi, kwamba nimeipeleka nyumba yake mtandaoni. Nikamwambia jina lake hakuna anayelijua, ila saini ya dada mimi naijua, na nikiitwa mahakamani nitasema nilichokiona. Baba mdogo akatuambia tunyamaze wote.

Tulipotulia shemeji akasema jambo ambalo sikulitegemea. Kwamba kinachomuuma si milioni 9. Ni ile karatasi. Kwamba miaka mitano alijua ananunua nyumba, kumbe alikuwa anapanga kwa benki, tena kwa kodi ambayo hakuna mpangaji wake angekubali kulipa. Na mimi nikamwelewa, sitasema uongo. Afisa aliyemsainisha alimwonyesha kiasi cha rejesho, hakumfungulia ile safu ya riba amwonyeshe mwaka wa kwanza unakwenda wapi. Mkataba ulikuwa kurasa nyingi za Kiingereza, akasainishwa kila ukurasa pembeni. Chuma Ulete utasema alikuwa na haki ya kuuliza. Ni kweli alikuwa nayo. Ila mtu mmoja pale mezani alikuwa anaijua karatasi ile na mwingine alikuwa haijui, na aliyeijua akaona bora asiulizwe.

Tulipofika: keshokutwa anakwenda benki mwenyewe, hajaruka rejesho bado, anaomba ridhaa ya kuuza. Nyumba tunaitangaza kwa 65 tuone itashikwa wapi. Wapangaji wanaambiwa leo jioni, na wale waliolipa mbele watarudishiwa miezi isiyokaliwa. Pengo atalijaza kwa kuuza tipa moja, ile ya zamani. Hilo la tipa lilimtoa jasho kuliko nyumba.

---

Meza ya Mikopo

Aende na barua, asiende na mdomo. Aombe nakala igongwe muhuri wa kupokelewa. Aulize kama kuna tozo ya kufunga mkopo kabla ya muda, na aombe ifutwe kwa maandishi. Wakikataa, aombe sababu nazo kwa maandishi.

---

Mpangaji wa Kudumu

Kuwarudishia wapangaji, hapo heshima kwake. Mwambieni nimesema.

---

Chuma Ulete

Bado nasema angelipa tu mpaka mwisho. Ila kama anaziba pengo lote hadi shilingi ya mwisho, sina kesi naye. Na dada mpe salamu.

---

Hamsini kwa Mnada

Mleta mada, hiyo tipa ni Howo au Faw? Tani ngapi, na injini imewahi kufunguliwa?

---

Mwana wa Kizota

Howo, tani 15, injini haijaguswa, tairi za nyuma ndiyo zimechoka. Njoo inboksi, ila bei ya mnada hatuna.